Maji Yaliyolala

Kasulu,
7 Machi 2022

Mwalimu Felisiani, shikamoo.

Ni mimi Asmahani, binti wa Nurudini mwenye duka la vitambaa. Darasa la sita uliniita "Swali" kwa sababu nilikuwa siishiwi maswali. Bado siishiwi, ila siku hizi nalipwa mshahara kwa kuuliza: niko maabara ya maji hapa Kasulu. Nimesikia ulihamia Nyarusenyi, huko Murungu, na kwamba ndiwe katibu wa jumuiya ya watumia maji. Nimefurahi sana, maana nahitaji mtu wa kumwamini.

Ndani ya boksi aliloleta kondakta kuna chupa tatu. Nataka kujua umri wa maji ya kisima chenu kirefu. Usicheke, maji yana umri. Mvua inaposhuka huja na chembe chache mno za hidrojeni yenye mionzi, tunaiita tritiamu. Inazaliwa juu kabisa angani, inaungana na maji, inanyesha nayo. Maji yakishazama ardhini hayapati nyingine. Ile iliyomo inapungua, na kila miaka kumi na miwili hivi inabaki nusu yake. Kwa hiyo tukiikuta kisimani, tunajua kisima kinajazwa na mvua za miaka hii. Tusipoikuta, hayo ni maji ya kale, yaliingia huko kabla ya babu zetu na hakuna kinachoyajazia. Ukiyavuta unakula akiba.

Waambie wenzako wasiogope neno mionzi. Hii ni kidogo kiasi kwamba mashine yenyewe inakesha siku nyingi kuihesabu. Elimu ni ileile iliyomtibu shangazi yangu Siti tezi ya shingo kwa kidonge kimoja, na ileile iliyomo kwenye kile kisanduku cha njano ambacho mafundi wa lami walikuwa wanakilaza barabarani kupima kama udongo umeshindiliwa.

Kwa nini nakusumbua? Kuna mpango wa kuwafungia pampu kubwa ya sola ihudumie vijiji vitatu, na nasikia mkishaipata mtalikodisha bonde la chemchemi lipandwe mikaratusi. Mwalimu, mikaratusi inakunywa. Chemchemi ikikauka hamtakuwa na pengine pa kurudi. Ndiyo maana sitaki kuweka saini kabla sijajua kisima kinajazwa au kinamalizwa.

Tafadhali: vuteni pampu nusu saa kwanza, kisha jazeni chupa mpaka juu, kisibaki hata kiputo cha hewa. Maji ya kisima kirefu, si mengine. Chupa zitakwenda ng'ambo, majibu yatachukua miezi.

Mwanafunzi wako,
Asmahani Nurudini


Nyarusenyi, Murungu,
15 Machi 2022

Binti yangu Swali,

Marahaba mara tatu, moja kwa kila chupa.

Barua yako niliisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Si ubaya, ni maradhi ya kazi. Sikukuta kosa ila moja: umeandika unahitaji mtu wa kumwamini, halafu ukaniandikia mimi. Mke wangu Theodosia, muuguzi wa zahanati yetu, ameisoma sentensi hiyo mara mbili na kuniangalia mara tatu.

Kamati niliisomea, nikaitafsiri kwa Kiha. Nilipofika kwenye mionzi, mwenyekiti wetu Kipriani alivuta kiti chake nyuma.

"Zinalipuka?"

"Hazilipuki. Zinasema."

"Zinasema nini?"

"Umri."

"Wa nani?" Maana Kipriani ana mke wa pili kijana, na habari za umri hazipendi.

"Wa maji, mwenyekiti."

Hapo kamati nzima ilivuta viti nyuma.

Basi, chupa zimejaa hadi shingoni. Maji meupe, angavu, ukiinua chupa juani unauona mkono wako upande wa pili. Lebo nimeandika mwenyewe, kwa mwandiko ule uliokuwa unausifu ili upate alama. Habari ya kupampu nusu saa usiniulize sana. Unaujua mgongo wangu. Tuseme kazi ilifanyika.

Msalimie mzee Nurudini. Mwambie shati alilonikopesha mwaka ule bado linanibana.

Wako,
Mwl. Felisiani Ruhuza


Kasulu,
2 Novemba 2022

Mwalimu wangu, shikamoo!

Majibu yamekuja. Tritiamu imo, tena tele, karibu sawa na mvua yenyewe. Mwalimu, kisima chenu ni kijana! Kinajazwa kila masika. Mnaweza kuvuta bila hofu.

Nimeweka saini jana. Pampu itafungwa baada ya mwaka mpya. Mkuu wangu alishangaa kidogo. Alisema visima vya kina cha mita tisini pande hizo huwa na kutu nyingi, na haya maji hayana kabisa. Akaniuliza kama nina hakika na aliyejaza chupa. Nikamwambia aliyejaza chupa ndiye aliyenifundisha kupiga mstari kwa rula, na nikaongeza kwamba hata hesabu za daftari la mahudhurio hajawahi kuchakachua. Akacheka, akasaini chini yangu.

Ni ripoti yangu ya kwanza yenye jina langu peke yake juu. Baba ameibandika dukani karibu na bei za khanga.

Asmahani


Nyarusenyi,
20 Novemba 2022
(Haikutumwa)

Asmahani,

Hii naiandika bila utani, kwa hiyo ikikaa vibaya ujue sina mazoezi.

Maji uliyoyapima hayakutoka kisimani. Yalitoka kwenye simtanki la shule. Ni mvua ya wiki ileile, kutoka kwenye bati la darasa la nne.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, si ili unisamehe. Kwetu mgeni akiingia, maji yaliyolala mtungini yanamwagwa, yanachotwa mengine. Kumpa mgeni amazi yaraye, maji yaliyolala, ni kumwonyesha njia ya kutokea. Sasa mimi nikasimama mbele ya watu hao nikawaambia kwamba kuna wageni wa ng'ambo wanataka kujua maji yetu yamelala muda gani. Unaona nilivyowatia aibu?

Kipriani akasema, "Mwalimu, mita tisini chini! Yamelala. Yanatoka na kutu kama msumari wa zamani. Ukiwapelekea hayo watatupa pampu gani?" Mama mmoja akasema bora tusipeleke kitu kuliko kupeleka uchafu wetu ukatembezwe kwenye ndege. Nikawaambia barua inasema kisima. Kipriani akanijibu, "Wewe si ndiye mwenye kalamu? Andika kisima." Wakacheka. Nami nikacheka. Mtu akinichekea vizuri huwa sina uti wa mgongo. Nikashika faneli.

Wao walielewa kinyume. Walidhani maji mapya ni maji mazuri na ya kale ni mabaya, basi. Mimi nilikuwa nimekuelewa, Asma, mpaka nukta ya mwisho. Nilijua unauliza kama kisima kitakwisha. Nikakujibu kwa mvua.

Nilijipa moyo kwamba huenda majibu yangekuwa yaleyale hata kwa maji ya kweli. Mpaka leo najipa moyo huo.

Basi la Kasulu linapita saa tatu asubuhi. Bahasha ninayo hapa. Naisikia honi sasa hivi, na bado nimekaa.

Felisiani


Nyarusenyi,
21 Novemba 2022

Binti yangu,

Hongera sana. Kijiji kimepokea habari kwa shangwe, na Kipriani amechinja jogoo ambaye naamini hakuwa wake. Mimi nimekula paja.

Mwl. Felisiani


Nyarusenyi,
9 Septemba 2024

Binti yangu Swali,

Umenyamaza, nami nimenyamaza, na Theodosia anasema kunyamaza kwangu kunamtisha kuliko kuongea kwangu.

Tunaendelea. Pampu inanguruma tangu jua linapochomoza, vijiji vitatu vinakinga. Mikaratusi ya bondeni imenipita kimo, jambo ambalo kwa mtu wa kimo changu si habari. Ila imekipita na kibanda cha mlinzi. Chemchemi yenyewe siku hizi inatoa maji kama mtu anayelazimishwa kusimulia jambo. Theluthi ya ndoo, inapumzika, inaongeza kidogo.

Sasa, darasa la sita wananiuliza, na mimi si mtaalamu: hivi maji kijana yanaweza kuchoka? Maana tangu Julai, ikifika saa saba mchana, pampu inakohoa. Inatema hewa, inatema maji mekundu, inatulia, kisha inaanza tena. Mwangalizi wa pampu anateremsha kamba yenye fundo na kusema maji yameshuka. Nimemwambia labda kamba imerefuka.

Ni swali la darasani tu. Usiache kazi zako kwa ajili yake.

Mwl. Felisiani


Kasulu,
23 Septemba 2024

Shikamoo Mwalimu,

Waambie darasa la sita wasihofu. Kisima kinachojazwa na mvua hushuka kiangazi na kupanda masika. Nadhani mafundi waliifunga pampu juu mno. Nimeomba waishushe mita kumi na mbili, watafika wiki ijayo.

Nina habari kubwa. Ripoti ya Nyarusenyi imekuwa mfano. Miamba ya kwenu na ya upande wa Nyarugusu ni ya aina moja, kwa hiyo ofisi imeona hakuna haja ya kupoteza miezi kupima umri upya. Kitachimbwa kisima kikubwa jirani na kambi, wanywe wakimbizi na wanakijiji. Visima vifupi vya pale, vya mkono, vitafungwa kwa sababu vina vijidudu. Mkataba unasainiwa Machi.

Nilikwenda kuwaeleza. Kuna mama mmoja wa Fizi, Kongo, anaitwa Nadège, anauza sabuni na dagaa pale kambini. Alinishika mkono hauachii. "Mama enjinia, sasa tutapata mayi mingi, njo vile?" Nikamwambia ndiyo, mengi. Akasema, "Ukiisema wewe, minaamini." Mwalimu, nilitamani ungekuwepo uone matunda ya chaki yako.

Asmahani


Nyarusenyi,
17 Februari 2025

Asmahani,

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Novemba 2022. Isome hiyo kwanza. Nitakungoja hapa.

Umemaliza? Basi sasa niendelee.

Mafundi walishusha pampu mita kumi na mbili. Tukapata wiki tisa. Wakaongeza mita sita, ndipo walipogusa mwisho wa bomba. Nilingoja masika kama mtu anayengoja hukumu, na masika yamekuja, tena ya kutosha, daraja la kuelekea Kakonko lilifunikwa siku mbili. Mvua imenyesha tangu Novemba. Kila Jumamosi nimekwenda mwenyewe na ile kamba. Maji hayakupanda hata kidole. Yanashuka, Asma. Huku juu kila kitu kimelowa, na kule chini yanashuka.

Chemchemi imekufa mwezi wa kumi. Mvua imerudi, yenyewe haikurudi. Nilikwenda kuiangalia, nikakuta mizizi imeingia mahali pale palipokuwa panatoa maji, nyeupe, mingi, kama vidole vimefumwa.

Zahanatini, Theodosia anawaambia wajawazito waje na ndoo yao. Juma lililopita walijifungua wanne, na mmoja alikuja na dumu la lita tano tu, amelibeba kwa kilomita saba na uchungu umeshaanza. Theodosia alirudi nyumbani akaniuliza, "Felisiani, kisima hiki si walisema ni kijana?" Nikamwambia. Alikwenda kukaa nje.

Lakini hata hayo yasingenitoa. Unanijua, na najijua zaidi. Ningeendelea kula paja la jogoo na kutafuta maneno matamu. Kilichonitoa ni yule mama wa sabuni na dagaa. Umemwambia "mengi" kwa mdomo wako, na neno hilo nilikupa mimi. Mkataba ni Machi. Leo ni tarehe kumi na saba.

Nifanye nini? Niambie, nitafanya.

Felisiani


Kasulu,
3 Machi 2025

Mwalimu,

Sijui pa kuanzia, kwa hiyo naanza na kazi.

Barua zako zote mbili nilimpelekea mkuu. Akasema barua ya mwalimu si kipimo, na kipimo tunacho, kina saini yangu na yake. Nikamwandikia rasmi kwamba yangu naiondoa. Amenihamishia stoo nikisubiri kuitwa kujieleza. Nahesabu mabomba. Lakini karatasi yangu imo kwenye faili, na bila saini yangu mkataba wa Nyarugusu hauwezi kusainiwa mwezi huu. Wameuahirisha mpaka zipatikane chupa mpya. Visima vifupi havijafungwa. Nilikwenda kumweleza Mama Nadège. Alinisikiliza, halafu akasema, "Sasa niamini gani? Ya kwanza ao ya pili?"

Kwenu ni tofauti. Kwenu kimeshachimbwa, kimeshavutwa. Nimechukua vipimo vyako vya kamba, nikavipigia hesabu. Kwa kasi hii kisima kina miezi mitano. Mkipampu saa mbili tu kwa siku, na maji yakawa ya kunywa na ya zahanati pekee, mnaweza kufika miaka mitatu, na katika miaka hiyo mkiing'oa mikaratusi yote ya bondeni, huenda chemchemi ikarudi. Huenda. Lakini ni sasa, si baada ya mavuno.

Itisha mkutano wa kijiji. Uwaambie wewe. Mimi wakiniona wataona ofisi iliyokuja kuwanyang'anya pampu. Wewe wanakupenda.

Kuhusu mimi na wewe, ningeweza kukuelewa kama usingekuwa umeielewa barua yangu. Hilo litachukua muda.

Asmahani


Nyarusenyi,
6 Aprili 2025

Asmahani,

Mkutano ulikuwa jana, uwanja wa shule. Walikuja wengi kuliko wanavyokuja kwa mbunge.

Nilisimama nikiwa na barua zako mkononi, nikajikwaa kwenye meza ya kamati, mtu mmoja akasema, "Mwalimu leo amekunywa mapema!" Wakacheka. Nikangoja. Nikasema, "Ndugu zangu, mwaka 2022 chupa zile sikujaza maji ya kisima. Nilijaza maji ya simtanki." Wakacheka. Nikarudia kwa Kiha, polepole, kama nawasomesha watoto wa chekechea. Wakacheka zaidi. Bibi mmoja wa mbele alimpiga mwenzake begani, "Nilikwambia ataanza na ya chupa!"

Asma, miaka kumi na tano nimewachekesha watu hawa. Nimewachekesha harusini, nimewachekesha kwenye uchaguzi, nimewachekesha hata makaburini pale ilipobidi. Jana nilisimama kuwaambia watakosa maji, wakakaa vizuri wapate kufurahi.

Kipriani hakucheka mwanzoni. Alinitazama. Alijua ninachosema, kwa sababu faneli ilikuwa yake. Nilidhani atasimama kando yangu. Badala yake akacheka yeye, kwa sauti kubwa kuliko ya uwanja mzima, na kila aliyekuwa ameanza kunisikiliza akamfuata. Kisha akasimama, amenishika bega.

"Mwalimu wetu huyu! Hata kiu ataifanyia mzaha. Jamani, nani kati yetu alisoma mionzi? Kipimo kilipanda ndege, kikarudi, kikasema kisima ni kijana. Pampu inakohoa? Hata mimi nakohoa, na bado nina mtoto mchanga."

Nikapiga kelele. Sijawahi kupiga kelele maishani mwangu, unajua, hata siku mlipochoma ufagio darasani. Nikawaambia miezi mitano. Nikawaambia saa mbili kwa siku. Nikataja mizizi, nikamtaja yule mama na dumu lake. Machozi yalinitoka, nikaanza kuigonga meza ile kwa ngumi. Theodosia naye alisimama akasema, "Anasema kweli, nisikilizeni, anasema kweli!" Wakamshangilia kwa kumsaidia mumewe vizuri hivyo.

Nilipokaa walinipigia makofi, Asma. Makofi marefu.

Yalipokwisha wakapiga kura. Pampu itaongezewa saa mbili kila siku, na kijiji cha nne kinaunganishwa Jumatatu.

Felisiani